Mama Anaugulia, Dawa Mmeifungia Kabatini

Wadogo zangu, leo kaeni kitako, maana nina maneno na ninyi. Mmoja wenu ameniandikia kwamba mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa, na hospitali wamewapa chupa ya mofini ya maji wakaelekezwa wampe kila baada ya saa 4. Wakampa mara mbili. Kaka mkubwa aliposikia jina la dawa akaja juu: "Mnataka kumfanya mama teja?" Chupa ikaingia kabatini, ufunguo ukatiwa mfukoni. Sasa mama anapewa Panadol, na usiku akilia wanakaa naye wanamsomea dua. Mdogo wangu anauliza, dada, tumekosea?

Mmekosea, mpenzi. Nakwambia bila kuzunguka kwa sababu nakupenda, na mama yako nampenda ingawa sijamwona. Lakini usianze kujipiga kifua. Kosa hilo linafanyika katika nyumba nyingi, na wanaolifanya si watu wabaya. Ni watu waliomwona kijana wa jirani akiisha kwa unga, wakaapa kwamba balaa lile halitavuka kizingiti chao. Namwelewa hata kaka yako. Na dua msiiache, ila dua na dawa hazijawahi kugombana, msizigombanishe ninyi.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayejua maumivu ni yule anayeumwa, si anayeshika ufunguo. Maumivu ya saratani iliyofika kwenye mifupa au kwenye mishipa ya fahamu hayasikii Panadol. Mgonjwa anaacha kula, anaacha kulala, anaanza kuwafokea watoto anaowapenda, kisha ananyamaza. Mkishamwona amenyamaza mnasema afadhali leo ametulia. Hajatulia, amechoka kulia. Na ninyi mkibaki, mtabaki na sauti ile masikioni kwa miaka. Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali leo.

Haya, tuzungumze hilo la uteja, kwa kuwa ndilo linalowatoa jasho. Mofini ni kweli inatokana na mti uleule wa afyuni, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Kaka yako hajasema uongo hapo. Lakini teja anaitafuta ile nishai, na ataiendea hata kazi ikipotea, ndoa ikivunjika na vyombo vya mama vikiuzwa. Mama yako anatafuta kulala. Baada ya wiki kadhaa mwili wake utaizoea dawa, na ikikatwa ghafla atatoka jasho, atahara, viungo vitamuuma. Huko ni kuzoea kwa mwili, na hutokea kwa yeyote anayeitumia kwa muda. Uraibu ni jambo jingine. Hata baadhi ya dawa za presha hazikatwi kwa siku moja, na hatujamwita babu teja wa presha. Na ikiwa daktari ataongeza dozi mwezi ujao, msikimbilie kusema "si unaona, ameshanogewa." Mara nyingi ni ugonjwa ndio uliosogea.

Kuna hofu ya pili ambayo watu hawaisemi kwa sauti: kwamba ukianza mofini, umemwita Israili. Najua ilikotoka. Kwa kuwa sisi tunaichelewesha mpaka siku za mwisho kabisa, jirani anaona mgonjwa kapewa mofini Jumatatu, kazikwa Alhamisi, naye anajumlisha hesabu yake. Kilichomuua mtu yule ni saratani. Mofini inayoanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole na mtu aliyefunzwa haiharakishi kifo. Wapo wanaoitumia miezi na miezi huku wanakwenda sokoni na kusuka ukili barazani. Ikipatikana mapema, inampa mtu siku za kuzungumza na wanawe akili ikiwa timamu, badala ya kuuma mto.

Sasa sikilizeni namna inavyotumika, maana hata wanaoitoa kabatini huitumia vibaya. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliwaelekeza waganga kwamba dawa hizi zitolewe kwa mdomo inapowezekana, kwa saa, na kwa kupanda ngazi kulingana na ukali wa maumivu. Kwa saa, nimesema. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa 4 hivi, kwa hiyo mkingoja mama alie ndipo mkimbilie chupa, mtakuwa mnafukuzia maumivu siku nzima na hamtayapata. Wekeni kengele kwenye simu. Pimeni kwa sindano isiyo na ncha au kikombe mlichopewa hospitali, si kwa kijiko cha chai, vijiko vya nyumba zetu vina ukubwa wake kila kimoja.

Choo kitafunga. Hili karibu kila mgonjwa hulipata, tena haliishi kwa kuzoea. Daktari akiandika mofini bila dawa ya kulainisha choo, muulize palepale, kwa adabu, ameiacha kwa makusudi au amesahau. Nimesikia wagonjwa walioikataa mofini kabisa, na ukichimba unakuta mofini haikuwa na ubaya, tumbo ndilo lililowatesa. Kichefuchefu hutokea siku za mwanzo kisha hupungua, na dawa yake ipo. Usingizi nao utakuwa mwingi siku mbili tatu. Mtu aliyekesha miezi akipata nafuu lazima alale. Lakini akilala mkimwamsha haamki, au anapumua polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, hapo si usingizi, mpelekeni hospitali mbio. Ipo dawa ya kuizimua, inaitwa naloksoni. Mweleze daktari pia kama mama ana matatizo ya figo, kwa sababu hapo dawa hujilimbikiza mwilini. Na msimchanganyie na pombe wala valiamu za kuazima kwa shangazi. Mchanganyiko huo huzima pumzi.

Tuwaseme na madaktari kidogo, kwa heshima zao. Sisi wengi hatuna daktari wa familia kama tunavyoona kwenye sinema. Tuna tabibu wa zahanati, tuna muuguzi wa kituo cha afya, na tuna yule wa duka la dawa anayejua majina ya watoto wetu wote. Utaalamu wenyewe wa udaktari wa familia bado mchanga kwetu. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuwafunza mabingwa wake 2005. Na daktari aliyesomea miaka mingi anaweza kuwa alifundishwa maumivu kwa vipindi vichache tu, akafundishwa zaidi kuiogopa mofini kuliko kuitumia. Akiiandika kuna daftari la kujaza, kabati la kufunga, na maswali ya wakaguzi. Akiacha kuiandika hakuna atakayemuuliza, isipokuwa mgonjwa, na mgonjwa hana nguvu ya kuuliza. Ndiyo maana wewe uwe na sauti.

Msidhani ni tatizo la kijiji chenu. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilipopiga hesabu likakuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Someni tena hiyo. Wagonjwa wetu wanaugulia wakati mofini ya unga, ile inayokorogwa na maji, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu.

Na msiniambie haiwezekani Afrika, maana Uganda wameweza. Daktari Anne Merriman alifika Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda 1993, na hapo mofini ya maji ikawa inatengenezwa kwa unga, maji na kihifadhi kidogo. Wakaona madaktari hawatoshi kufika vijijini, basi 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kuiandika wenyewe. Serikali ikaitoa bila malipo. Muuguzi anamfuata mgonjwa kijijini na chupa yake. Siyo kwamba nchi ile haina shida, zipo tele, lakini katika hili walituacha, na sioni aibu kusema tuwaige. Kwetu nako kuna watu wa tiba shufaa: hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, Nairobi Hospice iliyoanza 1990 jirani na Hospitali ya Kenyatta, na timu nyingine mikoani na kaunti. Muulizeni daktari wa wilaya, "Wa tiba shufaa wako wapi hapa karibu?" Swali hilo peke yake limewafungulia wengi mlango.

Halafu, mkienda, msimwache mama ajieleze peke yake. Mama zetu wana adabu iliyopitiliza. Usiku kucha amegugumia, asubuhi daktari akimuuliza anasema, "Nashukuru Mungu, mwanangu, leo afadhali." Daktari anaandika afadhali. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama hafichi kwa ujinga, anaona haya kumsumbua mtoto wa watu. Basi wewe beba karatasi. Andika panapouma, panauma kwa namna gani, kunachoma au kunakata, kutoka sifuri hadi 10 anaweka ngapi, ameamka mara ngapi usiku, dawa gani alizokwisha kunywa. Isome mbele yake. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa 60 atakushukuru.

Kaka yako mpeleke pia. Msibishane naye sebuleni, hamtamshinda. Muuguzi wa tiba shufaa amweleze yeye mwenyewe, na ikibidi mpeni kazi ya kushika daftari la saa za dawa. Mwanamume anayeogopa hupungua makelele akipewa kazi.

Sasa ninageukia upande wa pili, na hapa sauti yangu itabadilika. Mwingine ameniandikia kuhusu mumewe, dereva wa bodaboda. Mgongo ulimuuma kwa kukaa kwenye pikipiki tangu alfajiri, mwenzake wa kijiweni akampa kidonge cha tramadoli. Akaona ameruka, uchovu haupo. Akawa ananunua dukani bila cheti, kimoja, viwili. Leo bila vidonge sita hainuki kitandani, na mwezi uliopita alianguka akatupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Mke anasema, "Lakini dada, si ni dawa ya hospitali?"

Ni ya hospitali, naam, na kifafa kile ni moja ya madhara yake yanayojulikana, hasa dozi ikizidi au ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona. Tramadoli iko kwenye ukoo huohuo wa mofini. Inachekesha, kama si kuliza: mofini aliyoandikiwa mama na daktari tunaifungia kabatini, tramadoli ya kijiweni tunaimeza na soda. Mama ana maumivu yanayohitaji dawa kali, ana dozi iliyopimwa na ana mtu wa kumfuatilia. Shemeji hana hata kimoja.

Na kwa mgongo wake dawa hizo hazina miujiza. Huko Marekani, watafiti waliwachukua wagonjwa 240 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, nyonga au goti, wakawagawa, nusu wakapewa dawa za ukoo wa mofini, nusu dawa za kawaida, wakawafuatilia mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa 2018: waliopewa dawa kali hawakufanya kazi zao vizuri kuliko wenzao, na madhara waliyapata zaidi. Mgongo unataka mazoezi, kunyoosha viungo, kupumzisha pikipiki, na kuangaliwa kama kuna tatizo kubwa limejificha. Najua ni rahisi kwangu kusema apumzishe pikipiki wakati hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Lakini tajiri hatakuja kumwinua akianguka barabarani. Nanyi mnaomeza diklofenaki kila siku mkidhani hiyo ndiyo salama, nawaona pia; inatoboa matumbo na kuchosha figo, iulizieni.

Marekani yenyewe ina kisa chake, na ninakileta kwa sababu kiliwapitia madaktari wa kawaida, wale wa mtaani. Kampuni ya Purdue ilitoa kidonge kiitwacho OxyContin 1996, ikatuma watu wa mauzo kwenye zahanati za madaktari wa familia kuwaambia kwamba hatari ya uraibu ni ndogo mno. Ushahidi uliokuwa ukinukuliwa sana wakati ule ni barua fupi ya 1980 kwenye jarida la kitabibu, aya moja tu, iliyohusu wagonjwa waliolazwa wodini na kupewa dawa chini ya uangalizi. Watu wakaibeba kama utafiti wa wagonjwa wa nyumbani wa miaka na miaka. Madaktari waliamini, kwa kuwa hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kuuliza. 2007 kampuni ikakiri kosa mahakamani la kupotosha juu ya dawa yake. Lakini vidonge vilikwisha kuingia nyumbani kwa watu, kisha ikaja heroini, kisha fentanili ya magendo, na mwaka 2021 pekee dawa za ukoo huu zilihusika na vifo zaidi ya 80,000 kule.

Kisha wakageuza usukani kwa nguvu. Ulipotoka mwongozo wa 2016 wa kuwataka madaktari wapunguze dawa hizi, baadhi yao wakawakata wagonjwa ghafla, hata waliokuwa wametulia na dozi zao kwa miaka. Watu wakateseka, wengine wakajiua. Ikabidi 2019 mamlaka ya dawa itoe onyo kwamba hizi hazikatwi ghafla, na 2022 mwongozo ukaandikwa upya kwa lugha ya upole zaidi.

Kwa hiyo wewe mke wa bodaboda, nakujua, umeshapanga kumwaga vidonge chooni na kumfungia ndani. Usifanye hivyo. Arosto itamshika, na kifafa kinaweza kurudi. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya rufaa, useme ukweli wote, idadi ya vidonge na muda, wamshushe kidogo kidogo. Akiona haya, ingia naye. Usimtukane mbele ya watoto, wala usimtangaze kwenye kikundi cha vikoba, anaumwa. Akiwa ameshahamia kwenye unga, Mungu amwepushe, zipo kliniki za methadoni. Ya Muhimbili ilifunguliwa 2011, na Kenya zilifuata miaka michache baadaye, Nairobi na Pwani. Methadoni nayo ni ya ukoo uleule, mjue, ila mtu anainywa kila siku mbele ya muuguzi, kwa kipimo, na anarudi kuwa baba wa watu.

Yapo na mengine madogo mliyouliza, niyapitie. Dawa ya kikohozi yenye kodeini usimpe mtoto wa chini ya miaka 12, hata kama wewe ilikusaidia, na ukiwa unanyonyesha usiinywe. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na miili ya wengine huigeuza kwa kasi kubwa mno, mtoto akaacha kupumua. Mofini ya mgonjwa wako ifungiwe, ndiyo, lakini ufunguo awe nao anayempa dawa na aamke nao usiku. Inafichwa watoto na vijana wa nyumbani, si mgonjwa. Ikibaki, irudisheni hospitali. Msimwazime jirani anayeumwa jino.

Na ninyi mnaokwenda Dubai na Muscat kwa kazi, au kumwona dada aliyeolewa huko: usitie tramadoli wala kodeini kwenye mkoba kwa mazoea tu. Falme za Kiarabu zinazihesabu kuwa dawa zinazodhibitiwa, na zinataka kibali kabla hujasafiri. Misri, mwaka 2017, mtalii Mwingereza alihukumiwa miaka 3 gerezani kwa kuingia na vidonge vya tramadoli. Alisema anampelekea mpenzi wake anayeumwa mgongo. Kama daktari amekuandikia kweli, beba barua yake na cheti, dawa ziwe kwenye pakiti yake yenye jina lako, na uulize ubalozini mapema, siyo usiku wa kuamkia safari. Na mtu akikukimbilia uwanja wa ndege na kifurushi, "mpelekee shangazi dawa zake za mgongo," mwambie shangazi ana hospitali huko aliko.